Mkamwana Wangu na Vibanio vya Jenereta

Mwenzangu mmoja katika kikundi cha akina mama kanisani aliniuliza mkamwana wangu anafanya kazi gani. Nikamjibu, "Ya kompyuta."

"Ah, anachapa barua."

Nikasema hachapi barua.

"Anaziuza hizo kompyuta?"

Haziuzi.

"Basi anazitengeneza zikiharibika."

Nikamwambia hapo umekaribia, ila za kwake haziharibiki kwa nje. Zinaharibika ndani kabisa, mahali pasipofika bisibisi. Akanitazama kwa huruma, akanishika bega, akaahidi kumwombea.

Sikumlaumu. Hata mimi nilichelewa kuelewa, na nisingeelewa kabisa kama binti huyu asingekuwa mtu wa subira. Alipoolewa na mwanangu alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa na tabia ya kukitazama kitu kimoja muda mrefu kama paka aliyekaa mbele ya shimo la panya. Nikadhani ana huzuni. Nikawa namwongezea chakula. Kumbe anafikiri.

Mwanangu ni kinyume chake. Yeye hufikiri kwa mdomo. Ni fundi wa feni, pasi na redio, meza yake iko barazani kwetu, na mtaa mzima unamwita Feni, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu akianza kuzungumza hana swichi. Watu walisema hawa wawili hawatadumu. Wamedumu. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza nusu, na ile nusu nyingine inapotea hewani bila kumdhuru mtu.

Siku aliyonieleza kazi yake tulikuwa tumekaa jikoni tunachambua mchele.

"Mama," akaniambia, "ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya zote. Tunaiita kiini. Programu nyingine zote zinaishi juu yake kama wapangaji. Kiini ndicho mwenye nyumba."

"Kinagawa vyumba?"

"Haswa. Vyumba ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Sasa kuna vyumba vinavyotumiwa na wengi kwa pamoja. Kila anayeingia, kiini kinaongeza moja kwenye hesabu. Kila anayetoka, kinapunguza moja. Wakiisha wote, hesabu ikifika sifuri, chumba kinafagiliwa na kupewa mwingine."

"Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

"Ya darasa la kwanza, mama. Lakini wanaingia na kutoka wote kwa pamoja, upesi kuliko kupepesa jicho. Mmoja akitoka bila kuaga, chumba kinabaki kimefungwa siku zote na hakina mtu. Vikiwa vingi vya namna hiyo, kompyuta inajaa, inachoka, inaganda. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni mtu kuingia bila kuhesabiwa. Kiini kinaona sifuri, kinampa mtu mwingine chumba, na yule wa kwanza bado yumo."

"Yumo ndani?"

"Yumo ndani."

"Labda anaoga?"

Akafikiri kidogo. "Anaoga, mama."

"Na mwenye nyumba anamfungulia mgeni mlango?"

"Na vitanda vyake na masanduku yake."

"Mwanangu," nikamwambia, "basi wewe kazi yako ni kulinda heshima za watu."

Alicheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika, tukauokota wote wawili. Tangu siku hiyo nikiulizwa nasema hivyo: analinda heshima za watu bila wao kujua kwamba walikuwa hatarini.

Akaniambia na jambo jingine tulipokuwa tunaokota. Alisema hesabu ikishafika sifuri, hairuhusiwi mtu kuja kuongeza moja akasema chumba ni changu. Kilichokufa kimekufa, hakifufuki. Nikamwambia taratibu kwamba yuko Mmoja anayeweza kufufua.

"Huyo, mama, hayumo kwenye kiini."

"Yumo kila mahali."

Akaokota punje chache. "Basi ni Yeye peke yake anayeelewa programu aliyoniachia mwenzangu niliyempokea kazi," akasema.

Sasa nieleze habari ya jenereta, maana ndiyo iliyompa mkamwana wangu jina analoitwa mpaka leo.

Umeme wa mtaani kwetu hukatika kama uzi mbovu. Nyuma ya jiko tuna kibanda cha mabati, na humo ndani mna jenereta moja kuukuu yenye sauti ya mtu anayekohoa na kugomba. Waliokuwa wakiitumia ni watatu: Feni kwa kujaribia vitu vyake, mkamwana kwa kompyuta yake siku anazofanyia kazi nyumbani, na mpangaji wetu, fundi cherehani, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Mimi pasi yangu ni ya mkaa na redio yangu ni ya betri, kwa hiyo nilikuwa shahidi tu. Sheria ilikuwa moja: wa mwisho kumaliza ndiye azime. Ni sheria nzuri. Taabu ni kumjua wa mwisho.

Siku moja Feni alimaliza kazi, akachungulia chumba cha fundi cherehani, akaona kiti kitupu. Akazunguka nyumba kwenda kuzima. Wakati anazunguka, fundi cherehani akatoka msalani, akakaa, akaingiza mkono wa gauni la bibi harusi chini ya sindano. Puu! Umeme ukazimika, sindano imezama katikati ya lesi.

"Wewe Feni, hayo macho umepewa ya nini, ya kupambia uso?"

"Nilichungulia! Kiti kilikuwa kitupu!"

"Ulichungulia lini, ukazima lini?"

"Palepale!"

"Ingekuwa palepale ungenikuta nimekaa! Njoo basi umweleze bibi harusi kwa nini mkono wake una tundu la kupitishia hewa."

"Harusi zina joto. Atashukuru."

Nilimwomba Mungu awape ulimi wa upole, hasa mwanangu. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anatikisa kichwa pole pole kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Kuona si kushika," akasema. "Kati ya kuchungulia na kuzima kuna mwanya. Ajali zinapita hapo."

Jioni ileile akafunga kamba fupi mlangoni mwa kibanda, akatundika pembeni kikapu cha vibanio vya nguo, akatuita wote kama mwalimu wa zamu.

"Anayetaka umeme, abane kibanio kwenye kamba kabla hajachomeka chochote. Akimaliza, achomoe kwanza, kisha atoe kibanio. Ukitoa chako ukakuta kamba imebaki tupu, zima palepale. Usiondoke kwenda kumchungulia mtu. Na ukikuta jenereta imezimwa, usibane kibanio ukakaa unangoja. Iwashe upya."

"Na msalani nako tubane?" akauliza fundi cherehani.

Nikajifanya naangalia kuku.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya vituko. Fundi cherehani alifua soksi, akaona kamba nzuri ina vibanio tayari, akazianika pale. Feni akaja kutoa kibanio chake, akakuta vingine vimebaki, akaondoka kwa adabu zote. Jenereta ikanguruma mchana kutwa kwa ajili ya soksi, mpaka mafuta yakaisha. Soksi zilikauka, siwezi kusema uongo, ingawa zilinuka moshi. Siku nyingine Feni alikuta jenereta imezimwa, akabana kibanio, akarudi kukaa mbele ya feni ya mteja mikono kifuani, anangoja izunguke.

"Mume wangu," mkewe akamwambia, "umeshika maiti."

Lakini wakazoea. Ugomvi ukaisha, mafuta yakadumu, na majirani wakaanza kumwita mkamwana wangu Vibanio. Hakukasirika. Nadhani lilimpendeza kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Kazini kwake, hata hivyo, mambo hayakuwa laini hivyo. Alikuwa ameajiriwa kwa majaribio na kampuni inayotengeneza mashine za kukatia tiketi, zile za kusimama, unabonyeza kioo na karatasi inatoka. Mashine hizo zilikuwa zinaganda ghafla foleni ikiwa imejaa, na hakuna aliyejua kwa nini. Vibanio akakaa mbele ya shimo la panya, majuma kwa majuma, mpaka akamwona panya. Ndani ya kiini kulikuwa na sehemu moja inayoshika kipande cha kumbukumbu ya pamoja, kisha inaikabidhi kazi kwa sehemu ya pili na kwenda zake. Sehemu ya pili haikujihesabu. Ilitegemea kwamba ya kwanza bado imeshika. Mara nyingi ilikuwa kweli. Mara moja moja ya kwanza iliachia mapema, hesabu ikafika sifuri, chumba kikapewa mwingine, na huyu wa pili akabaki anaoga.

Rekebisho lake lilikuwa dogo: sehemu ya pili nayo ishike kwa mkono wake yenyewe kabla ya ya kwanza kuachia. Mistari michache tu. Lakini hakuna kinachoingia kwenye kiini bila idhini ya mkaguzi mmoja anayekaa mji mwingine, mzee ambaye Vibanio hakuwahi kumwona, akimjua kwa majibu yake tu. "Hapana. Maelezo hayaeleweki." "Hapana. Hakuna haja." Na safari moja, "Hapana," basi, bila hata salamu. Nyumbani tukamwita Mzee Hapana. Nikamweka katika sala zangu kwa jina hilohilo, maana la ubatizo silijui, na nikaamini Mungu ameelewa ni nani.

Bosi wake, mama mmoja mpole wa sauti, alimwambia wazi: rekebisho likipita kabla ya majaribio kwisha, utabaki nasi. Lisipopita, tutaachana kwa wema. Usiku huo mezani Vibanio hakumaliza chakula. Feni akasema, "Wakikuacha, utakuja kunisaidia kusuka koili za feni." Mkewe akamtazama. Si kwamba anadharau feni. Ila ile kazi aliipenda kama watu wengine wanavyopenda watoto, pamoja na ukorofi wake. Feni akaelewa. Akanyamaza mpaka tukaondoa vyombo, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kulia machozi.

Juma la mwisho la majaribio, Mzee Hapana akakubali kuonana naye ana kwa ana kwenye kompyuta, bosi akiwepo. Kama hapo angesema hapana, ndiyo ingekuwa ya mwisho.

Siku yenyewe umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Feni alishawasha jenereta mapema, akabana kibanio chake, anajaribia feni ya dari ya mteja. Fundi cherehani alikuwa ameenda kumpima mteja nguo. Vibanio alikuwa ameleta nyumbani kompyuta ya kazini, ile ya sanduku isiyo na betri, kwa sababu humo ndimo alimokuwa na ushahidi wake. Akaja mbio sebuleni amekumbatia sanduku, nyaya zinaning'inia shingoni, muda umemfika kooni.

"Jenereta inawaka?" akapaza sauti.

"Kwani unadhani hiyo ni kwaya inaimba?" Feni akajibu kutoka barazani.

"Naunga kwenye waya wako!"

Sijui kama Feni alisikia, maana feni ya dari ilikuwa imefungwa kwenye meza na inazunguka kwa kelele kama inataka kuondoka na meza. Vibanio akachomeka. Akatazama nyuma, kule uani. Nikaona anasita.

"Kibanio chake kipo," akasema peke yake. "Kinatosha."

Akakaa. Mimi nilikuwa kwenye kona na sindano yangu nashona kifungo, akaniomba nisiondoke. Kwenye kioo akatokea bosi, na kando yake mzee wa nywele nyeupe mwenye miwani iliyoshuka mpaka puani, nyuma yake kabati la vitabu vilivyolala ubavu. Hakuwa na sura ya ukali. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, nimesoma kazi yako. Swali langu ni lilelile. Yule anayekukabidhi kazi tayari ameshikilia. Kwa nini na wewe ushikilie? Unaongeza kazi mahali ambapo kila punje ya muda ina thamani."

"Kwa sababu anaweza kuachia kabla sijamaliza, mzee."

"Haachii. Mtu mwenye akili atakungoja."

"Kwenye njia hii hangoji. Anakabidhi, anaendelea na shughuli zake. Hajui hata kama nimeanza."

"Miaka yote hii imefanya kazi."

"Imefanya kazi kwa bahati, mzee."

Bosi akakohoa. Mimi nikajichoma sindano kidoleni. Hivyo ndivyo wanavyosema na wazee siku hizi? Lakini mzee hakukasirika, alisogea tu mbele.

"Bahati. Haya, nionyeshe huyo anayeachia mapema. Nionyeshe kwa macho yangu."

"Nakuonyesha sasa hivi," akasema Vibanio, akabonyeza.

Na hapohapo kioo kikawa cheusi.

Kwanza nilidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Kisha nikasikia ukimya. Jenereta ilikuwa imezimwa.

Barazani mteja alikuwa amekuja kuchukua feni yake. Mwanangu akachomoa, akampa, wakaagana vizuri, akazunguka mpaka kibandani, akatoa kibanio chake, akatazama kamba. Tupu. Akazima palepale, bila kwenda kumchungulia mtu. Tangu amwoe mkewe hakuwahi kumtii kikamilifu namna ile. Akaingia sebuleni anafuta mikono, uso unang'aa kama mtoto aliyepata vema zote.

"Nimezima kuokoa mafuta," akasema.

Mkewe alikuwa bado ameelekeza kidole kwenye kioo cheusi.

"Nani amekutuma uzime?"

"Wewe! Kamba ilikuwa tupu! Tupu kabisa, njoo uone! Nilisimama nikaitazama!"

Fundi cherehani akaingia wakati huohuo, futi ya kupimia shingoni, akakuta nyuso zetu. "Kuna msiba?"

"Umeme umezimwa mkutano katikati," nikamwambia.

"Nani hakubana kibanio?"

Feni akanitazama mimi. Mimi nikatazama kifungo changu. Vibanio akashusha kidole pole pole.

"Mimi," akasema.

Fundi cherehani alijitahidi, namshuhudia. Aliuma mdomo, akatazama dari. Kisha akakaa chini kwenye mkeka na kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Mganga hajigangi! Jamani! Mimi nimetukanwa kwa sababu ya soksi!"

"Washa!" Vibanio akamwambia mumewe.

Feni akakimbia uani. Tukasikia anavuta kamba ya kuwashia, anavuta tena, anaisemesha, anaibembeleza. Jenereta ile ikizimwa ikiwa moto haikubali mpaka ipumzike. Alirudi anahema. "Imenuna."

Nilimwona binti yangu anageuka rangi. Kule upande wa pili mzee na bosi wanaona kwamba ameambiwa aonyeshe, akakimbia. Sikuwa na la kusema kuhusu kiini. Nikamwambia tu, "Simu yako iko kwenye mfuko wa gauni, mama. Mpigie mzee."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Una kingine?"

Akapiga, akaiweka simu mezani kwa sauti ya nje.

"Binti, umekimbia," mzee akasema. "Bosi wako yuko hapa kwenye kioo anasikia."

"Sijakimbia, mzee. Umeme umezimwa."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

"Mmegombana?"

"Hapana, mzee. Amefuata sheria."

Akamweleza yote: jenereta, kamba, vibanio, na kwamba aliyetunga sheria ni yeye. Akamwambia kwamba leo alikuwa na haraka, akaona mumewe ameshabana, akasema kinatosha.

"Nilifanya kama unavyotaka nifanye, mzee," akasema, na sauti ikampanda kidogo. "Yeye alikuwa ameshika. Kwa nini na mimi nishike? Kibanio kimoja kinatosha. Ni mtu mwenye akili, ataningoja."

"Asante," akasema Feni.

"Na hakukungoja," mzee akasema.

"Alimaliza zake akaenda. Hakujua hata kama nimeanza."

Simu ikatoa sauti ya mtu anayepaliwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba mzee anacheka, na kwamba hana mazoezi.

"Mpe mumeo simu."

Feni akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo."

"Marahaba. Ulijuaje hakuna anayetumia?"

"Kamba ilikuwa tupu, mzee."

"Basi hukukosea. Kosa ni la mkeo."

Uso wa mwanangu ukafunguka kama dirisha. "Mzee, naomba urudie. Simu ina mikwaruzo."

Mkewe akamnyang'anya. Lakini mzee alikuwa ameshaacha kucheka.

"Hapana," akasema. Sebule nzima ikapoa. Hata fundi cherehani akaondoka kwenye mkeka. "Hapana, bado sijapitisha. Nakubali ushike kwa mkono wako. Lakini ukifika ukakuta hesabu imeshakuwa sifuri? Utaongeza moja juu ya maiti? Hilo ni baya kuliko la kwanza, na silioni hapa."

Nikafumba macho. Sala yangu haikuwa na maneno mengi.

"Mstari unaofuata, mzee," Vibanio akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. "Haiangalii kwanza halafu ndiyo ishike. Inaangalia na kushika kwa tendo moja, hakuna mwanya katikati. Ikikuta sifuri, inarudi mikono mitupu na kusema haikupata."

Tukasikia karatasi, au panya wa kompyuta, sijui. Kisha pumzi.

"Nimeuona," mzee akasema. "Ni miwani tu iliyonificha." Kisha akasema, "Ila maelezo yako, binti, nilisema hayaeleweki na bado nasema hayaeleweki. Hii uliyonieleza sasa hivi ndiyo uliyotakiwa kuiandika tangu mwanzo. Iandike. Ikinifikia leo nikaielewa bila kukupigia simu, napitisha leo. Na ule ushahidi uutume, nitauendesha mwenyewe hapa, huku kwetu umeme upo na mke wangu hagusi swichi."

Jenereta ilipopoa, Vibanio alitoka mwenyewe kwenda kibandani kuiwasha. Alibana kibanio. Akakitazama, akabana na cha pili. Fundi cherehani akampigia kelele kutoka dirishani kwamba kubana mara mbili nako ni kosa, na Vibanio akatoa kimoja akiwa amenuna.

Akaandika. Kila aya aliyomaliza alitusomea, na mahali ambapo Feni aliuliza swali, alifuta akaandika upya. Feni hakupata kuulizwa maoni namna hiyo maishani mwake, akauliza maswali mengi kuliko aya zenyewe. Mimi niliambiwa nisikilize tu, nikilala ijulikane maelezo yamechosha. Sikulala. Akatuma.

Halafu ikawa kungoja. Hakula mchana. Alifagia uwanja uliofagiliwa. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, simu ikalia, akaiacha ilie mara mbili kwanza. Alikuwa bosi. Hatukusikia aliyosema, tulisikia tu, "Ndiyo. Ndiyo mama. Leo hii? Ndiyo." Kisha akakata, akasimama katikati ya sebule na ufagio mkononi.

"Imepita," akasema. "Mzee amepitisha. Nimebaki kazini."

Feni alimbeba, na ufagio juu. Fundi cherehani akapiga vigelegele, akasema sasa atashona gauni na mkono usio na tundu. Mimi nilisema asante kwa Yule ambaye yumo kila mahali, pamoja na humo kwenye kiini chao.

Vibanio alicheka na sisi kidogo. Kisha akaketi kwenye kiti changu cha kona kuvua viatu, akavua kimoja, na kabla hajafikia cha pili kichwa kikalala begani. Feni akafungua mdomo aendelee na hadithi yake ya namna alivyoongea na mzee. Nikamwekea kidole midomoni. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni, na kila jirani aliyekuja kuuliza kelele zile zilikuwa za nini, nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni za heri, aje kesho, mwanangu amelala.